YAH: Kuzibwa kwa tundu la hewa kwenye chumba cha hita ya gesi ya maji ya kuoga, nyumba ya wageni, Isevya

Meneja wa Tawi,
Tabora.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu, na kwa heshima nakuomba uisome barua hii wewe mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu mwingine aijibu.

Alhamisi iliyopita fundi wako alichukua mfuko mtupu wa saruji, akaukunja, akausokomeza kwenye tundu la hewa la chini, hita ikiwa inawaka. Alipoambiwa autoe, alimpigia simu mkubwa wake, akaweka spika, na wageni waliokuwa barazani wakasikia pamoja nasi: "Mwambie huyo mama gesi siyo mkaa." Simu ikakatwa.

Gesi siyo mkaa, sawa. Lakini gesi ya mtungi ikiungua bila hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi, sumu ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi wala harufu. Ile harufu tunayoijua imetiwa kwenye gesi ili uvujaji ujulikane. Gesi ikishaungua, harufu nayo imekwisha, pua haimsaidii mtu. Sumu hiyo inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyeivuta kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu, analegea. Hapa Tabora nani hatasema ni malaria? Atapewa dawa, kisha atarudishwa kuoga palepale.

Hita mliyofunga ni ya kilowati 20. Ikiwaka mfululizo inakula kama kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, na gesi hiyo inataka karibu mita za ujazo 20 za hewa ili iungue tu, bila akiba yoyote. Chumba chake ni mita 1.5 kwa 2, na kimo mita 2.7, yaani mita za ujazo 8 na kidogo. Kanuni ya gesi ya Marekani, NFPA 54, inataka mita za ujazo 4.8 kwa kila kilowati endapo hita itategemea hewa ya ndani peke yake. Kwa hita hii ni 96. Tena Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo matundu yanatakiwa kuongezwa, siyo kupunguzwa.

Chumba kidogo namna hiyo kinaokolewa na matundu mawili yanayotoka nje moja kwa moja: moja ndani ya sentimita 30 kutoka dari, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni. La chini linaingiza hewa mpya, na gesi ikivuja ndiko inakotokea kwenda nje, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. La juu linatoa hewa ya moto. Kwa kilowati 20, kila tundu linatakiwa liwe na uwazi halisi wa sentimita za mraba 110. Matundu yetu ni 15 kwa 15, yaani 225, yangetosha kabisa. Siku ya ufungaji mafundi wenu wakayavika luva za mbao, yaani vibao vilivyopangwa kwa kuinama, ambazo kwa kawaida uwazi wake huhesabiwa robo tu. Zikabaki 56. Juu yake wakapigilia wavu wa mbu, ambao kwa vumbi la kiangazi chetu unaziba baada ya wiki chache. Luva ya chuma, inayohesabiwa robo tatu, na wavu wenye macho yasiyopungua milimita 6, vingemaliza kazi. Hayo niliyaandika kwenye karatasi yenu ya kazi siku ileile, chini ya sahihi yangu. Aliisoma nani?

Nairudia Alhamisi kwa sababu simu ile ilikatwa kabla sijamaliza kusema. Fundi alikuta moto wa njano badala ya bluu, na masizi kwenye kofia ya kukusanya moshi juu ya hita. Niliomba jaribio linalojulikana: mlango ufungwe, feni ya kufyonza hewa ya bafuni iwashwe, hita iwake dakika tano, kisha udi unaofuka upelekwe ukingoni mwa kofia. Moshi wa udi ukivutwa juu, bomba linafanya kazi. Moshi haukuvutwa. Ulirudi chini, ukampiga fundi usoni mpaka akafumba macho. Feni ilikuwa inavuta hewa kupitia bomba la moshi, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kuipata. Akauzima udi kwenye sinki, akasema, "Huu ni upepo tu mama, ndiyo maana moto unazimika." Ndipo akapiga magoti na mfuko wa saruji. Wageni wanatazama. "Gesi siyo mkaa." Na aliyesokomeza mfuko ni mtu aliyeona moshi umerudi kwa macho yake!

Kama tatizo ni upepo, dawa yake ni kulipandisha bomba juu ya paa na kulivika kofia ya kukinga upepo. Bomba lenu limeishia chini ya upenu. Hilo nililisema Jumatatu, kabla hajaja, nikajibiwa nisubiri.

Naomba mje ndani ya siku saba: mfungue tundu, mbadili luva na wavu, mpandishe bomba, mrudie jaribio la udi mbele yangu, na mrudishe gharama ya ufungaji. Mje pia na king'ora cha kaboni monoksaidi, kwa gharama yenu. Na kwa kuwa fundi huyohuyo amefunga hita kwenye nyumba nyingine hapa mjini, nataka kwa maandishi orodha ya kazi zake zote, nazo zikaguliwe. Aliyesema maneno yale kwenye spika aje aombe radhi barazani, mahali aliposikika.

Siku saba ni nyingi. Ziwe tatu. Zikipita, nakala ya barua hii pamoja na picha za masizi zitakwenda EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Tume ya Ushindani, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kila mwenye nyumba ya wageni kuanzia Isevya hadi Kanyenye ataipata mkononi.

Valvu ya mtungi imefungwa. Mfuko wa saruji haujaguswa, autoe aliyeutia.

Wenu,
Msimamizi wa nyumba ya wageni,
Isevya, Tabora.