Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka wa masomo 2023-2024

Ndugu wazazi, mama na baba, nanyi wakubwa kwa wadogo mliosoma hapa,

Mwaka huu Bwana Prefe, mkuu wa shule, alituomba tumsaidie kuandika karatasi ya kuitambulisha shule yetu kwa wazazi wapya na kwa wafadhili. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Imetuchukua karibu mwaka mzima, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi leo. Mambo ya fedha za sanduku mweka hazina atayasoma mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Shule ni ya Serikali, iko Ibanda, mjini Bukavu, hapa juu ya ziwa Kivu. Inaanza na darasa la saba na la nane, ambayo sheria ya 2014 iliyaingiza katika elimu ya msingi. Baada ya hapo watoto wanagawanyika kwa miaka minne ya humanite, yaani sekondari ya juu: sayansi, ualimu, biashara. Mwisho ni Egzeta, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Inatangulia disertasio, yaani insha, ya Kifaransa, zinafuata kazi za vitendo na mtihani wa mdomo, halafu siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Anayefikisha 50 kwa 100 anapata diploma, na mtaa mzima unammwagia talki, ile poda nyeupe, kichwani.

Ubaoni mwa ofisi kuna asilimia ya waliofaulu, mwaka kwa mwaka, nasi tunajivunia. Lakini asilimia hiyo inahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Tulichukua daftari la darasa la saba la miaka sita iliyopita, tukaliweka kando ya orodha ya mafinalisti, wanaofanya Egzeta, wa mwaka huu. Jina linaonekana, linaonekana, kisha halipo tena. Wengine wamehama, hilo linaeleweka. Wengine wako hapa hapa Bukavu, tunapishana nao sokoni Kadutu.

Mama mweka hazina ndiye aliyegundua jambo la pili. Alipokuwa akipitia daftari la mahudhurio aliona alama za kutokuwepo zinajikusanya wiki fulani, zinapungua, kisha zinarudi. Alichukua kalenda. Ulikuwa ni mwezi wa angani! Sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka hutawanyika. Kwa hiyo wavuvi hutoka usiku wa giza. Vijana wetu huenda nao kama vibarua, kwenye ile mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wanarudi alfajiri, wanasaidia kupima samaki kwenye ndoo, ndipo wanapanda kilima kuja shule. Mmoja alinionyesha daftari lake la kemia. Analibeba ndani ya sashe, mfuko wa plastiki, anasoma wakisubiri samaki wapande. Magamba yalikuwa yamekaukia kwenye kurasa, na mwandiko ulikuwa safi kuliko wa wengi.

Anavua ili alipe minervali, yaani karo. Tangu 2019 shule ya msingi ni bure, lakini neema hiyo inakoma darasa la sita, haifiki la saba na la nane. Huku sekondari mzazi bado analipa, na ndani ya malipo hayo mna posho ya walimu ambao Serikali haijawaingiza kwenye orodha ya mishahara. Siwezi kumlaumu mwalimu, wala siwezi kumlaumu mtoto.

Tulikubaliana na Bwana Prefe kwamba wiki za giza interogasio, yaani majaribio ya darasani, za hesabu na Kifaransa zisiwekwe saa ya kwanza, na geti lisifungwe mbele ya anayetoka ziwani. Baba mmoja alisimama mkutanoni akasema tunawazoesha watoto uvuvi badala ya masomo. Nimeliwaza sana neno lake. Jibu langu ni kwamba mtoto anayefika saa ya pili bado ni mwanafunzi. Tuliyemfungia geti hatumwoni tena.

Jumamosi, wanachama mliosoma ualimu mlikuja kusahihisha disertasio. Asanteni sana. Nyumbani kwetu ni Kiswahili na Mashi, na kwa waliotoka kisiwa cha Idjwi ni Kihavu, kwa hiyo Kifaransa cha kuandika kinahitaji mkono wa mtu aliyekaa kando ya mtoto. Masika yalipozidi wengi mliacha kuja. Naomba mrudi.

Kuhusu maabara, rasimu ya kwanza ilisema tunayo. Nilikataa kuweka sahihi. Kuna chumba, kuna kabati la chupa, bomba halitoi maji. Sasa imeandikwa hivyo hivyo, na hapo ndipo ninapoomba mchango wa mwaka ujao uelekee kwanza.

Leo tutapiga kura juu ya jambo moja: je, chini ya asilimia ya Egzeta tuongeze mstari unaotaja wangapi waliingia darasa la saba pamoja na hao waliofaulu? Ofisi inaogopa utawafukuza wazazi. Mimi nasema uandikwe. Daftari liko mezani karibu na dirisha. Lipitieni kabla ya kuinua mikono.