Kesho alfajiri: simba wa Seronera

Habari za jioni wapendwa. Kesho gari la kwenda kupiga picha za simba Seronera, katikati ya Serengeti, linaondoka kambini saa 12 kamili asubuhi, si na robo. Jua la Serengeti likishapanda kidogo tu, ile rangi ya dhahabu imekwisha, na macho ya simba yanaingia kivulini.

Tunaanza Maasai Kopjes, vile vilima vya mawe. Asubuhi za baridi simba hupenda kukaa juu ya mawe yale. Tukiwakuta, nitamwomba dereva aweke jua nyuma yetu, kila mtu apige picha, halafu tuzunguke upande wa pili. Mimi napenda zaidi huo wa pili: manyoya ya shingo yanawaka pembeni, na dume akinguruma unaona mvuke wa pumzi. Hapo punguza mwanga kidogo kwenye kamera, la sivyo anga yote inakuwa nyeupe.

Shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, anzeni 1/500 ya sekunde, simba akitembea 1/1000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 1600 au 3200 msiiogope, chembechembe kwenye picha ni afadhali kuliko picha iliyotikisika. Tripodi ziacheni hemani, chukueni vifuko vya maharage vya kulaza lenzi dirishani. Injini ikizimwa, na nyie tulieni. Mmoja akihama kiti, gari zima linatikisika.

Hatutoki nje ya barabara wala hatushuki. Kumpigia simba mluzi ili ageuke, tafadhali, hapana.

Chai tutakunywa tukirudi. Jaketi muhimu. Betri chajini sasa hivi, jenereta inazimwa saa 4 usiku.