Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kwenda Montreal

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi na dua, nimeisoma barua yako yote, na nimekwama pale uliposema kwamba Montreal ni mji wa lugha mbili, kwa hivyo Kiingereza ulichosomea uuguzi kitakutosha. Hapo sikubaliani nawe. Ni kweli mtu hununua mkate na kupanda treni mjini humo kwa Kiingereza kitupu, lakini tangu mwaka 1977 sheria ya Quebec, jimbo la Canada ulimo mji huo, imekifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, na sheria hiyo hiyo hairuhusu muuguzi apewe leseni ya kudumu mpaka athibitishe kwamba anakimudu kwa kiwango kinachofaa kazi yake.

Hata hivyo, sheria si sababu yangu kubwa. Wewe umefanya kazi wodini hapa Mombasa, na umewaona wazee waliotumia Kiingereza ofisini maisha yao yote, ambao maumivu yakiwashika hueleza panapouma kwa Kiswahili au kwa Kigiriama. Wagonjwa wa huko nao ni binadamu. Atakayebanwa na kifua saa nane za usiku atakuita kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha Quebec, ambacho matamshi yake si yale ya Paris unayoyasikia katika masomo ya simu, na kumtafuta mkalimani wakati huo ni kumchelewesha mgonjwa.

Amua mapema unakokwenda. Quebec huwateua wahamiaji wake yenyewe kwa makubaliano ya mwaka 1991, ilhali anayetaka kuishi Ottawa, iliyo katika jimbo la Ontario, anaweza kupitia mpango wa serikali kuu uitwao Express Entry. Mpango huo haupokei DELF, cheti cha Kifaransa kinachotolewa na Ufaransa, ingawa cheti hicho hakina mwisho wa muda. Mpango huo unataka mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada, ambao matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Ukifikia kiwango cha 7 cha Kifaransa, kwa vipimo vya Canada, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na Kiingereza chako kikiwa kizuri, utaongezewa alama 50 katika zile ambazo mpango huo hutumia kuwapanga waombaji. Lakini kwa kuwa matokeo hayadumu, usikimbilie mtihani kabla makaratasi mengine hayajakaribia kuwa tayari.

Anza na masomo ya Kifaransa ya Alliance Française hapa mjini, na uwazoee pia Wakongo na Warundi wanaofuata mizigo yao bandarini, maana kwao Kifaransa ni lugha ya kazi. Karo ya muhula wa kwanza nitailipa mimi. Niandikie ni Montreal au Ottawa, kisha twende pamoja kukuandikisha.

Mamako