Malkia Caroline na Askofu Joseph Butler

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dhana inayorudiwa kila inapotajwa historia ya Kanisa la Uingereza, kwamba askofu aliyeinuliwa na ikulu katika karne ya 18 alikuwa lazima mtu wa kujipendekeza. Maisha ya Joseph Butler yanaikataa dhana hiyo.

Butler alizaliwa Wantage mwaka 1692, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, katika familia ya Kipresbiteri, hivyo hakuwa na ukoo wa kumshika mkono ndani ya Kanisa Anglikana. Baada ya kuhubiri London kwa miaka kadhaa alijitenga Stanhope, parokia yenye pato nono kaskazini mwa nchi, hata inasimuliwa kwamba Malkia Caroline, mke wa Mfalme George II, alipouliza kama Butler amekwisha kufa, Askofu Mkuu wa York alimjibu kuwa hajafa, ila amezikwa.

Mwaka 1736 malkia alimteua kuwa kasisi wake wa ikulu, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake kikubwa cha kuwajibu waliodai kwamba maumbile yanatosha kumfahamisha mtu habari za Mungu bila ufunuo. Malkia alimwita jioni, kuanzia saa moja hadi saa tatu, wazungumze. Ikumbukwe kuwa Caroline alikuwa msomi wa falsafa na teolojia, aliyewahi kuandikiana barua na Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani. Mtu wa namna hiyo hamwiti kasisi saa mbili nzima ili asifiwe.

Malkia alifariki Novemba 1737, akiwa amekwisha kumwombea Butler kwa mumewe. Mwaka uliofuata akapewa Bristol, dayosisi iliyohesabiwa kuwa maskini kuliko zote Uingereza, yenye pato la pauni 400 hivi kwa mwaka, naye akamwandikia Walpole, aliyeongoza serikali, kwamba cheo hicho hakikulingana na hali yake. Mwenye kujipendekeza asingethubutu kuandika hivyo. Doa ninaloliona mimi ni jingine: aliendelea kupokea mapato ya Stanhope hadi mwaka 1740, alipofanywa mkuu wa Kanisa Kuu la St Paul's. Dayosisi ya Durham aliipata mwaka 1750, miaka miwili tu kabla ya kifo chake.

Nawaomba wanaofundisha historia ya kanisa katika vyuo vyetu vya teolojia waanze na mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726, kabla malkia hajamwita.

Muumini wa Kanisa Anglikana,
Tanga