Nitapitia Nungwi

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana na anashukuru kwa karafuu.

Khabari yenyewe ni hii: mwalimu kanipa ruhusa. Wiki ijayo, inshaallah, narusha ndege peke yangu kutoka uwanja wetu wa hapa Kisauni mpaka Chake huko kwenu Pemba, nivuke mpaka Tanga, kisha nirudi Unguja. Leseni ya rubani binafsi inataka safari ya peke yako isiyopungua kilomita 270, utue viwanja viwili tofauti. Mzunguko huu unapita 330.

Jana usiku nilitandaza chati juu ya mkeka, rula na penseli mkononi. Mstari wa kwanza niliupiga moja kwa moja mpaka Chake, kilomita 125. Unapendeza kuutazama, lakini unaiacha nchi kavu karibu na Kiwengwa, na toka hapo ni maji matupu zaidi ya kilomita 60 mpaka ncha ya kusini ya Pemba. Nikaufuta. Mstari mpya unapanda kwanza Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ndipo unavuka. Safari inarefuka kama kilomita 8, dakika tatu hivi, na bahari inapungua ikabaki kama 45. Mwalimu alipouona hakusema neno, aliweka kidole pale Nungwi akaitikia kwa kichwa.

Injini ni moja, shoga yangu. Ikizima, ndege haianguki kama jiwe. Inateleza hewani, kilomita 3 kasoro kwa kila futi 1,000. Nikiwa futi 7,500 napata kama 20. Katikati panabaki kipande ambacho huifikii Unguja wala Pemba, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Kaskazi nayo inavuma: kuja kwenu itanipiga usoni, nikigeuka itanisukuma. Kwa hiyo hata nikiwa nimeshapita nusu kidogo, likitokea la kutokea, pua naielekeza Nungwi. Nimeliandika hilo kwa wino mwekundu kwenye karatasi nitakayoifunga pajani. Jaketi la kuokolea nitalivaa tangu chini, bila kulijaza upepo, maana likijaa ukiwa ndani mlango hutoki.

Kabla ya kuruka nakinga mafuta kidogo ya kila tangi kwenye kikombe kinachoonyesha ndani, nayainua juani. Mafuta yetu ni ya buluu. Maji yakiwemo yanakaa chini, hayana rangi. Mwezi uliopita niliona tone moja, dogo kama punje ya mtama. Nikakinga tena na tena mpaka yakatoka safi, mkono unatetemeka.

Tanga sina wasiwasi nayo, nimeshatua huko na mwalimu mara mbili.

Utabiri nitauchukua kwa watu wa hali ya hewa, lakini nina ombi. Alfajiri ukishasali, toka barazani, tazama upande wa Mkoani, unipigie uniambie wingu limekaaje na minazi inainama kiasi gani. Wiki iliyopita niliahirisha kwa wingu zito, nikalia njia nzima kurudi nyumbani. Nikiahirisha tena usininunie. Nikija, nitakaa nusu saa tu uwanjani. Njoo na chai ya tangawizi, mkate wa mofa kama upo. Na ukizungumza na mama, kile kipande cha katikati usimtajie.

Akupendaye,
Shogayo