Barua kwa swahiba aliyepandishwa namba

Swahiba,

Barua yako imenifikia na hasira zake zote. Kwanza hongera kwa kupandishwa kiwango kwenye ligi yenu ya pool kutoka 4 hadi 5, maana katika kurasa zote zile sioni aliyekupongeza, na wewe mwenyewe umeliandika jambo hilo kana kwamba umefiwa. Pili, pole kwa yule bwana wa namba 3 aliyekufunga mbele ya timu nzima. Umeniuliza kama handikapu, yaani kumtaka mwenye namba kubwa ashinde gemu nyingi kuliko mwenzake, ni haki au ni wizi uliovishwa hesabu. Unanijua, hasira za meza ya pool mimi huzitibu kwa kalamu, kwa hiyo vumilia tarakimu kidogo.

Tuanze na mechi yenyewe. Ulitakiwa kushinda gemu 4, yeye 2. Mpangilio huo ni nusu kwa nusu endapo wewe ni mtu wa kumshinda takriban mara 69 katika gemu 100. Ikiwa hivyo ndivyo mlivyo, jedwali linalopanga idadi hizo limefanya kazi yake na huna la kulalamikia: siku hiyo ilikuwa yake. Sasa chukulia kwamba bwana yule ni wa kiwango chako hasa, mnagawana gemu sawa kwa sawa. Ili ufikishe 4 kabla yeye hajafikisha 2, unaruhusiwa kupoteza gemu 1 tu. Nafasi yako inaporomoka hadi kama 19 kwa 100. Mkono ukae vizuri vipi, unaingia mezani ukiwa umeshachimbiwa shimo.

Ndiyo maana sikubaliani nawe unapolilaumu jedwali. Jedwali halina kosa kubwa. Kinachoua mechi ni namba iliyoandikwa pembeni ya jina la mtu. Tazama jedwali la mchezo wa mipira minane la APA, chama cha wacheza pool cha Wamarekani, ambako viwango vinaanzia 2 hadi 7. Wa 7 akikutana na wa 2, mmoja anatafuta gemu 7 na mwenzake 2. Wenye namba kubwa hulia kwamba wanaonewa. Lakini kama huyo mkubwa hushinda gemu 4 katika kila 5, mechi hiyo ya 7 kwa 2 inakaa kwenye nusu kwa nusu karibu kabisa. Akiwa hushinda 9 katika 10, nafasi yake inapanda hadi 81 kwa 100, na hapo ni mdogo ndiye anayeonewa. Akiwa hushinda 3 katika 4 tu, anabaki na kama 37. Masharti ni yaleyale, karatasi ni ileile, na haki inakuja na kuondoka kutegemea ukweli wa zile namba mbili.

Kabla sijakuunga mkono kwamba jamaa anaficha kiwango chake, nikukumbushe jambo ambalo wachezaji wengi hawalitaki: handikapu ikifanya kazi sawasawa, utafungwa na watu dhaifu kuliko wewe mara nyingi mno. Hilo ndilo lengo lake. Ukicheza mechi tatu zilizopangwa kwa haki kamili, uwezekano wa kupoteza zote tatu ni moja kwa nane. Katika ligi yenye watu wengi, kila wiki kuna mtu anayepitia hayo na kwenda nyumbani akiapa kwamba kaibiwa.

Ila maelezo yako ya gemu ile ya mwisho yamenifanya nikae sawa kwenye kiti. Unasema mpira wake ulikuwa mdomoni mwa tundu la pembeni, akaugonga mzito ukatikisika na kugoma, naye akarudi kukaa bila hata kukunja uso. Halafu mpira mweupe ukawa umesimama nyuma ya mpira wake mwingine, wewe huoni kitu. Huo ndio ushahidi wa kuutazama. Anayekosa kwa kutojua hukosa na mpira mweupe pia: unazurura, unagonga kingo tatu, unasimama mahali pa kukufurahisha wewe. Ukimwona mtu anakosa tundu kwa unywele, na mpira mweupe unatii kila mara, ujue hapo kuna fundi anayejitia ujinga. Na tena, kama ulivyoeleza, gemu zikifika 1 kwa 1, ghafla fundi anaamka na kusafisha mipira minne mfululizo, kila mmoja ukiachwa pazuri kwa ajili ya unaofuata. Mkono kama huo haujifunzwi katikati ya mechi.

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu ligi yenu inahesabu zamu. Mifumo ya aina hiyo huangalia mtu hutumia zamu ngapi kumaliza gemu anayoshinda: chache maana yake hodari, nyingi maana yake bado. Fikra yenyewe si mbaya, maana inaonyesha ufundi hata pale matokeo yanapodanganya. Tatizo lake ni kwamba humruhusu mtu ashinde na wakati huohuo aonekane dhaifu. Anakosa hapa, anakosa pale, zamu zinajaa kwenye fomu, kisha anashinda vilevile. Amekula na kubakiza. Dawa iliyopo ni safu ya mashuti ya kujilinda: zamu ambayo mtu hakukusudia kutumbukiza inawekwa alama, ili isihesabiwe kama kushindwa. Lakini dawa hiyo iko mikononi mwa mwandishi wa fomu, na mwandishi wa fomu, tuseme kweli, mara nyingi yuko kwenye simu yake.

Hapa ndipo nina la kusema, na ni hili moja: mfumo mzuri ni ule ambao udanganyifu unamgharimu mdanganyifu palepale mezani. Angalia FargoRate, ulioanzia mji wa Fargo, North Dakota. Wao hawaulizi umetumia zamu ngapi wala umekosa mara ngapi. Wanauliza umeshinda gemu ngapi, umepoteza ngapi, na dhidi ya nani. Tofauti ya pointi 100 kati ya wawili maana yake mkubwa hushinda gemu 2 kwa kila 1 ya mwenzake. Tofauti ya 200 ni 4 kwa 1. Vigogo wa dunia wako juu ya 800. Ni ndugu wa ile hesabu ya chesi ya Arpad Elo, ambayo FIDE, shirikisho la chesi la dunia, waliichukua mwaka 1970. Katika mfumo kama huo, yule bwana wako angeweza kukosa mpira wa mdomoni mpaka achoke, isingemsaidia kitu maadamu gemu anashinda. Akitaka namba ishuke, hana budi apoteze gemu, zihesabike kuwa zimepotea, na timu yake ilipe.

Haijaondoa hila yote, usije ukanipigia simu kunikumbusha. Mtu anaweza kupoteza mechi zisizo na uzito ili ashinde zenye uzito. Na mgeni mwenye gemu chache namba yake ni ya kukisia. Kwao hutakiwa gemu 200 ndipo kiwango kihesabiwe kuwa kimesimama. Ligi iliyojifungia, isiyokutana na watu wa nje, nayo itajua nani mkubwa ndani ya nyumba bila kujua nyumba yenyewe ina urefu gani.

Gofu wana ujanja mwingine ninaoupenda. Tangu mfumo wao wa dunia uanze mwaka 2020, handikapu ya mtu hutolewa kwenye raundi 8 bora katika 20 za mwisho. Raundi mbovu hazina kazi. Ukiharibu moja kwa makusudi umepoteza muda wako tu. Ili namba yako ibadilike inabidi uharibu nyingi, na wenzako watakuona.

Sasa kuhusu timu, ambako nadhani ndiko uchungu wako ulipo hasa. Mko watano: 7, 5, 4, 4 na 3, jumla 23, pale pale kwenye kikomo ambacho ligi yenu imekiiga kutoka APA. Wewe, mmoja wa wale wa 4, umekuwa 5. Jumla 24. Maana yake kila usiku wa mechi mtu mmoja akae benchi na atafutwe mwenye namba ndogo, na kwa jinsi ulivyoandika, macho yote yanakutazama wewe. Umefanya mazoezi, umeimarika, na zawadi yako ni kuvunja timu. Naelewa kwa nini kikomo kipo. Kikiondolewa, msimu ujao mtakutana na timu ya wa 6 na wa 7 watupu, na wanaoanza hawatakuwa na sababu ya kuja. Lakini kikomo hichohicho ndicho kinachomfanya mtu mwaminifu aanze kuwaza, bila hata kuambiwa, kwamba mpira huu bora niukose. Watu wanasema wadanganyifu huletwa na tamaa ya kombe. Mimi naona wengi huletwa na kutotaka kuwaacha rafiki zao. Ningekuwa na sauti kwenu ningependekeza mtu akipanda namba katikati ya msimu, timu yake ihesabiwe kwa namba ya zamani mpaka msimu uishe, ila mezani acheze kwa ile mpya.

Umeuliza pia kama handikapu iwe ya nusu kwa nusu kamili. Hapana. Aliyefanya mazoezi abakie na ubora kidogo, la sivyo mazoezi hayana maana. Kwa watu wawili ambao mkubwa hushinda gemu 2 kwa 1, mechi ya 5 kwa 3 humpa nafasi kama 57 kwa 100, na ya 6 kwa 3 humshusha hadi 47. Mimi ningechukua ya 5 kwa 3 bila kufikiri mara mbili. Aliye mdogo ana matumaini ya kweli, na mkubwa hajaadhibiwa kwa kuwa mkubwa. Najua nahodha wenu atapinga. Yeye ni wa 3.

Kwa hiyo kwenye kikao cha manahodha usiende kusema fulani ni mwizi. Utaulizwa ushahidi na utabaki na maneno. Omba mambo mawili: fomu ziandikwe na timu zote mbili na zilinganishwe mwisho wa kila mechi, hasa safu ya kujilinda, na ushindi wa gemu uwe na uzito kuliko zamu katika kupanga namba. Anayeshinda mechi nyingi akiwa 3 atapanda mwenyewe, awe anakosa kwa kujua au kwa kutojua, na hakuna atakayelazimika kumtuhumu mwenzake.

Nitumie picha za fomu zake za msimu huu, zote, si zile alizoshinda tu. Nitazipigia hesabu kabla ya kikao chenu, na nikikuta ni wa 3 halali nitakwambia vilevile. Wasalimie wa timu, hasa huyo mwenye 7, mwambie bado namdai mechi.

Wako,
swahiba wa kalamu na chaki