Si kila dawa ya presha inayootesha ndevu

Mhariri,

Makala za afya hupenda kusema kwa jumla kuwa dawa za presha zinaotesha ndevu. Mwanamke anayemeza amlodipini au losatani akisoma hivyo, huanza kujikagua kidevu bure. Dawa hizo mbili hazina sifa hiyo. Yenye sifa hiyo ni minoksidili, ambayo kwenye pakiti huandikwa minoxidil, kidonge apewacho mgonjwa ambaye presha yake imegoma kushuka hata kwa dawa tatu.

Kati ya watu 10 wanaokimeza, karibu 8 huota nywele. Huanza wiki ya 3 hadi ya 6: nywele laini za malaika kwenye panja na katikati ya nyusi hurefuka na kukolea weusi, kisha zinafuata za mashavuni, mgongoni, mikononi na miguuni. Homoni hazihusiki. Dawa hulegeza mishipa ya damu, na huko kwenye ngozi hurefusha kipindi cha unywele kukua. Ndiyo maana hiyohiyo huuzwa kama maji ya kupaka upara, ya asilimia 2 au 5. Basi sauti ikiwa nzito au hedhi ikivurugika, msikisingizie kidonge. Homoni zipimwe.

Wembe hauzidishi nywele. Ni ile ncha iliyokatwa butu inayokwaruza kidole ukajiona umeota kisiki. Krimu ya kuondolea nywele ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, usubiri saa 24, na isikaribie macho. Kwenye nyusi, uzi au kibano. Leza wakati bado unameza dawa inaweza kuwa kutupa fedha.

Kosa kubwa ni kuacha kidonge kimyakimya. Presha hupanda tena ndani ya siku chache, ilhali nywele huchukua mwezi 1 hadi 6 kurudi zilivyokuwa. Mgonjwa akiacha kwa mkupuo na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo anayopewa pamoja nayo, moyo nao unaweza kuleta matata.

Kwa maana minoksidili haitembei peke yake: huenda na dawa ya kutoa maji, kama furosemaidi, na ya kutuliza mapigo, kama propranololi. Bila hizo mwili hujaa maji, wakati mwingine hadi kuuzunguka moyo. Kioo hakikuonyeshi hilo, mzani unaonyesha. Jipime kila asubuhi, umeshakojoa, hujala, nguo ni zilezile. Kilo 2 na zaidi zikiongezeka ghafla, mapigo ukiwa umetulia yakipita kawaida yako kwa 20 kwa dakika, au pumzi ikikatika ukilala chali, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anayekerwa na nywele amwambie daktari waziwazi. Kipimo cha dawa kinaweza kupunguzwa, au ijaribiwe dawa nyingine ya presha sugu kama spironolaktoni, baada ya kupima figo na potasiamu.

Mfamasia, msomaji wako